Tuvue Viatu Mlimani Vuga



Siku chache zilizopita nilipanda mlima na vijana wetu kutoka Mombo, kwa ile barabara ya kona nyingi, tukapita Soni hata tukafika Vuga. Huo ndio uliokuwa mji mkuu wa wafalme wa Usambara, ukoo wa Wakilindi, wazao wa Mbegha, yule mwindaji kutoka Nguu aliyewaua nguruwe walioharibu mashamba ya Washambaa na kuwagawia nyama, nao wakamfanya mfalme. Nyumba za Vuga zilikuwa za miti na nyasi. Asiende mtu akitarajia kukuta kuta na nguzo. Kilichobaki ni ardhi, makaburi na kumbukumbu.

Mzee aliyetuongoza alipotuonyesha mahali walipolazwa wakubwa wa zamani, kijana wetu mmoja aliketi juu ya jiwe ili mwenzake ampige picha. Mzee hakufoka. Aliniuliza kwa upole: “Baba Padri, na kwenu huwa mnakalia makaburi?” Niliona haya, nikamwomba radhi mbele ya wote.

Wakati wa kushuka, kijana yule alinijia. “Padri, wale walikuwa wapagani. Sisi Wakristo yanatuhusu nini?”

Swali lake ni la wengi, nalo lastahili jibu. Tarehe 28 Oktoba 1965, katika tamko la Nostra Aetate, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitaja dini nyingine, Uhindu na Ubudha zikiwamo, ukafundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo kweli na takatifu ndani yake. Naye Mtume Paulo, alipofika Athene, alizunguka kwanza akatazama mahali pao pa ibada, ndipo akahubiri (Mdo 17). Hakuvunja madhabahu, wala hakutoa sadaka juu yake. Hiyo ndiyo njia yetu: hatukwenda Vuga kutambika, lakini pia hatukwenda kudhihaki.

Dharau ikiachwa ikue, tunajua inakofika. Huko Bamiyan, katika milima ya Afghanistan, wamonaki wa Kibudha waliishi zamani katika mapango ya jabali, na kando yao zilichongwa sanamu mbili kubwa za Budha, moja ikiwa na urefu wa mita 55 hivi. Zilisimama zaidi ya miaka elfu moja. Mwezi Machi 2001 watawala wa Taliban walizilipua kwa baruti. Leo mgeni anayepanda huko huonyeshwa mashimo matupu. Najiuliza: ni nani aliyemjua Mungu zaidi kwa kulipua jiwe?

Kwetu tumerithi mfano ulio bora. Mwaka 1848 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Usambara, na Mfalme Kimweri ye Nyumbai, asiyekuwa Mkristo, alimpokea kwa ukarimu. Baadaye Mwislamu, Abdallah bin Hemedi, aliandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, na misheni ya Kianglikana ikakichapa kitabu hicho. Mfalme wa mila, Mwislamu na Wakristo: kila mmoja alibaki na imani yake, na kumbukumbu ikaokoka.

Wapendwa, katika familia zetu nyingi Mkristo, Mwislamu na mzee wa mila hula chungu kimoja. Kijana anayekalia kaburi la babu wa mwenzake leo, kesho atamcheka bibi yake mwenyewe. Kumheshimu marehemu wa jirani hakupunguzi chochote katika Ubatizo wetu. Kumdharau ndiko kunakoutia doa.

Tutapanda tena Vuga. Kijana yule ameomba aje, naye atakuwa wa kwanza kumsalimu mzee.

Nawatakieni Dominika njema yenye baraka.

Paroko wenu