Mwandishi wa Kujitegemea Athaminiwe Akiwa Hai



Wiki iliyopita, baada ya darasa la alasiri hapa Buyenzi, mama mmoja alitujia na mashtaka. Binti yake, mwanafunzi wetu, anasema akimaliza shule ataandika habari za mitaani: watoto walioacha masomo, wajane walionyang'anywa viwanja. Wala hataki kuajiriwa, anataka kujitegemea. "Maalim, mkanyeni. Kazi hiyo haina mshahara wala heshima." Hatukumkanya, ila hatukuweza pia kumwambia mama yule kuwa amekosea.

Tulimkumbuka Azory Gwanda wa Kibiti, mkoa wa Pwani, Tanzania. Alikuwa mwandishi wa kujitegemea, akiyaandikia magazeti ya Mwananchi na The Citizen. Mwaka 2017 watu wa Kibiti, Rufiji na Mkuranga walikuwa hawalali. Viongozi wa vijiji waliuawa, na mwezi wa Aprili askari 8 waliuawa katika shambulio moja. Wahariri wako Dar es Salaam. Aliyeishi na wafiwa na kuwasikiliza ni yeye. Tarehe 21 Novemba 2017 watu waliokuwa na Land Cruiser nyeupe walimchukua. Alipitishwa shambani kwa mkewe, akamwambia ana safari ya dharura na atarudi kesho yake. Hajarudi mpaka leo. Julai 2019 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufariki, kisha akasema amenukuliwa vibaya. Mke anayesubiri ashike neno lipi?

Sisi wa Burundi tunalijua jeraha hilo. Jean Bigirimana wa gazeti la Iwacu alitoweka tarehe 22 Julai 2016.

Sasa tazameni: dunia ililijua jina la Azory baada ya kupotea. Hilo ndilo linalotuuma. Tuzo zipo, na hatuzidharau. Baraza la Habari Tanzania hutoa tuzo za EJAT, na ipo tuzo yenye jina la Daudi Mwangosi, aliyeuawa kazini Nyololo, Iringa, tarehe 2 Septemba 2012. Kwa asiye na ajira, cheti cha tuzo huenda ndicho karatasi pekee inayosema huyu ni mwandishi. (Mwenzetu mmoja anaona kutafuta tuzo ni kutafuta sifa. Tulimuuliza mbona vyeti vya mashindano ya Qur'ani amevitundika sebuleni, akacheka.)

Lakini tuzo ni ya usiku mmoja. Huko Tanzania sheria ya mwaka 2016 ilileta bodi ya ithibati, na kanuni zake zikataka mwandishi awe na diploma. Haya, matapeli wapungue. Bali mbona masharti yote yamwelemee mwandishi? Gazeti linalochapa kazi yake limwandikie mkataba, limpe nauli na bima, na likimtuma penye hatari liwe na mtu wa kumpigia simu kila jioni. Na jina lake liandikwe juu ya habari, isipokuwa yeye mwenyewe akihofia usalama wake. Sisi tunaosomesha hadithi hatupokei maneno bila kumjua mpokezi. Tunawakaririsha watoto majina ya wapokezi waliokufa zaidi ya miaka elfu iliyopita, na aliyetuletea habari ya mjane wa mtaa wa pili hatumjui hata jina.

Na sisi wasomaji tuna sehemu yetu. Gazeti moja linazunguka nyumba 10, kisha tunashangaa kwa nini mwandishi halipwi.

Yule mama tumemwambia amlete binti Jumamosi, na daftari. Kuna kisima karibu na madrasa kilichokauka, na majirani wanasingiziana. Aanze na hicho, awasikilize wote, na akimaliza tutakisoma mbele ya wazazi kwa jina lake.