Fungate ya melini, na hizi kamati zetu za harusi

Nimerudi kampasi juzi baada ya wiki nane za TP kule nyumbani Karatu. Vumbi jekundu bado limo kwenye mabegi mpaka mwenzangu wa chumba ananuna. Habari za TP nitaandika siku nyingine (kidato cha pili wamenitoa jasho, acheni tu). Leo nina jambo linanikereketa: hizi safari za kwanza za melini za wachumba na wanandoa wapya.

Hapa hosteli tu nawajua watatu wanaofunga ndoa hata kabla ya kuhitimu, na wote wimbo wao ni mmoja. Fungate Zanzibar, kwa boti, picha ya kushika chuma cha pembeni nywele zinapepea. Sawa, ni raha, mimi mwenyewe naitaka hiyo picha. Ila mipango yao yote inaanzia kwenye tiketi na hoteli. Mimi nasema anzeni na maneno mawili: mwenzio anaogopa nini, na hela inatoka wapi. Mkishindwa hapo, boti haitawasaidia. Itawazidishia, maana ndani ya boti huwezi kutoka nje ukapunga upepo halafu ukapanda bodaboda kwa dada yako.

Nina mfano wa nyumbani. Kaka yangu ni dereva wa watalii. Kazi yake ni kupandisha wageni kutoka Karatu mpaka lango la Lodoare, kuwashusha kreta, kuwarudisha jioni wamejaa vumbi. Wengi ni wanandoa wapya. Akimaliza nao anawapeleka kiwanja cha ndege cha Manyara, kile cha juu ya bonde, wanarukia Zanzibar kumalizia fungate. Miaka yote hiyo anawapungia mkono na yeye mwenyewe hajawahi kuiona bahari. Sasa zamu yake imefika, anaoa. Wifi yangu mtarajiwa akasema na sisi twende Zanzibar kwa boti. Kaka akaanza: hela hakuna, msimu mbaya, gari linahitaji matairi... kila wiki sababu mpya. Wifi akaona huyu mwanaume ni bahili, na mwanamke akishakuona bahili kabla ya ndoa, andika umeumia.

Siku moja tunamenya viazi jikoni kaka akaniambia, "Mwalimu, mwambie wifi yako bahari si kama Ziwa Eyasi." Nikacheka, halafu nikamwangalia usoni. Jamani, kumbe mtu anaogopa maji! Hajui kuogelea, na hilo si ajabu. Sisi tumekulia juu kwenye ngano na kahawa, maji yetu makubwa ni Eyasi ambalo ni la chumvi na kiangazi linapungua mpaka unatembea palipokuwa ziwa. Nani angetufundisha kuogelea? Nikamwambia kamwambie mwenyewe. Alichukua siku nne. Akamwambia. Wifi akasema na yeye hajui kuogelea, alidhani kaka anajua! Teh teh teh. Ugomvi wa miezi miwili wa "hela" ukaisha kwa dakika tano, na siku hiyohiyo wakaanza kupanga safari ya kweli.

Halafu hela. Hapa najua nitachukiwa na wanakamati. Harusi zetu mnazijua: sendofu, vikao vya kila Jumapili, kadi singo na dabo, watu wanapigiwa simu za ahadi mpaka wanazima laini. Ukumbi, mapambo, mshereheshaji, keki ya ghorofa tano ambayo nusu ni maboksi, vyote kwa usiku mmoja. Kesho yake maharusi wanaamka wana majiko ya gesi matatu na hawana nauli. Ndipo mtu anakimbilia kikoba au anakopa kwenye simu ili aende fungate, mwezi wa kwanza wa ndoa unaanza na deni na meseji za vitisho. Kwa nini? Kamati ile ile ingeweza kuweka mstari mmoja kwenye bajeti ukaandikwa SAFARI YA MAHARUSI, ukapunguzwa kwenye mapambo. Watu watakaa wakale pilau hata kama vitambaa vya viti havina utepe wa dhahabu. Nimelisema hilo kwenye kikao cha kaka na mjomba mmoja akaniuliza kama huko chuoni ndiyo tunafundishwa kuaibisha ukoo. Shikamoo mjomba, lakini msimamo wangu ni ule ule. Na kama hakuna cha kupunguza, subirini miezi sita. Fungate haina tarehe ya kuisha kama maziwa.

Na iwe fupi. Wenzetu Ulaya na Marekani wana zile meli za starehe, hoteli inayoelea, wiki nzima majini, nyingine zinatia nanga mpaka Mombasa na Zanzibar. Vizuri. Lakini mnakumbuka Diamond Princess Februari 2020, pale Yokohama, Japani? Korona imeingia melini, watu zaidi ya 3,700 wakazuiwa humo, abiria wanakaa vyumbani, vingine havina hata dirisha, kama wiki mbili. Zaidi ya 700 wakaambukizwa. Sisemi korona itawafuata. Nasema wiki moja kwenye chumba cha kabati kwa watu ambao hawajawahi kusafiri pamoja hata Karatu mpaka Arusha ni mtihani mkubwa mno wa kuanzia. Kaka anasema wageni wake wengine wanafika kreta wamenuniana, mmoja anaangalia simba upande huu mwingine anaangalia nyati upande ule, na wamelipa maelfu ya dola!

Kwetu mtu wa kawaida ana njia mbili nzuri. Ya kwanza ndiyo hiyo ya Dar kwenda Unguja, boti za kasi, kama saa mbili au chini yake. Ya pili watu wanaisahau na mimi naipenda zaidi: meli ya usiku ya Mwanza kwenda Bukoba. Ile MV Victoria ya tangu miaka ya 1960 ilikarabatiwa ikarudi kazini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, inabeba abiria 1,200, na ina vyumba vya kulala. Huwa mnaondoka jioni mnaamka Bukoba, hiyo ndiyo meli ya kitalii yetu, na vyandarua vya dagaa juu yake. Kwa mtu wa Karatu ina utamu mwingine: mabasi ya Arusha kwenda Musoma yanapita kwetu, yanapanda Ngorongoro yanakatiza Serengeti, kwa hiyo unaiona kreta kutoka juu na nyumbu njiani kabla hujaliona ziwa. Kuna kiingilio cha hifadhi, ulizeni kabla hamjapanda msije mkashtukia getini. Mkifika Bukoba msijitose ziwani ufukweni kwa mahaba, Ziwa Victoria lina kichocho. Liemba ya Kigoma, ile iliyojengwa Ujerumani 1913 ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 na baadaye kuibuliwa, ndiyo ndoto yangu mimi, lakini iliingia kwenye ukarabati, kwa hiyo ulizeni Kigoma kwanza msijepanga hewa.

Sasa hofu ya kaka si ya kijinga, tusidanganyane. MV Bukoba, 21 Mei 1996, mamia ya watu. Spice Islander, Septemba 2011, kwenye mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Skagit, Julai 2012, njiani kutoka Dar kwenda Unguja, bahari imechafuka. MV Nyerere, 20 Septemba 2018, pale Ukara, watu zaidi ya 220. Ukitoa Skagit na upepo wake, hadithi inajirudia: watu na mizigo kuliko uwezo wa chombo. Kwa hiyo makubaliano yenu ya kwanza kama mke na mume yawe haya: mmoja akisema "hapa pamejaa mno, tushuke", mnashuka, bila mjadala, bila kuitana mwoga, hata kama tiketi inapotea. Mkishakaa, ulizeni maboya yako wapi na mlango wa kutokea uko wapi. Mhudumu akiwacheka acha acheke.

Na miezi. Dereva wa watalii anapata nafasi masika, Machi mpaka Mei, wageni wakipungua. Hoteli za Unguja nazo hushusha bei kipindi hicho, inavutia, lakini mvua itawafungia ndani na nyingine zinafungwa kabisa. Kuanzia hapo upepo wa kusi unashika, Juni mpaka Agosti bahari inatupa watu huku na huku. Nimemwambia kaka Novemba. Kusi imeshalegea, kaskazi haijashika, na wageni wake wa Krismasi hawajafika. Kuna mvua za vuli, sawa, lakini nyingi ni za kupita. Angalieni pia Ramadhani inaangukia wapi. Mkifika Unguja mchana wa mfungo, kula na kunywa barabarani ni kuwavunjia watu heshima, na mikahawa mingi inafungwa mchana. Mji Mkongwe si ufukweni, wifi na ile kaptura yake aiache hotelini.

Mengine madogo. Tiketi za boti kateni ofisini au kwenye mtandao wa kampuni yenyewe. Pale bandarini Dar kuna vijana watawaita "bosi" na "shemeji" wakiwaelekeza kwa jamaa yao, piteni. Mkishuka Unguja mtakutana na ndugu zao wanaoitwa papasi, nao piteni, kwa adabu. Kila mtu awe na kitambulisho chake mkononi, raia tunalipa shilingi na nauli yetu ni nafuu kuliko ya mgeni, lakini lazima uonyeshe. Kutapika: kaeni katikati ya boti, chini si juu, macho kwenye upeo wa bahari na si kwenye simu. Kuleni kidogo, msipande na tumbo tupu wala na chipsi mayai kavu. Vidonge vya kichefuchefu vinamezwa kabla ya kupanda, si ukishaanza kuita, na vinalevya usingizi. Kama bibi harusi ni mjamzito (yanatokea, tusijifanye) amuulize daktari kwanza. Na mwenzio akitapika shika mfuko, usichukue video!!

Toka Karatu mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 700 za basi, msiunganishe moja kwa moja na boti siku hiyohiyo. Laleni Dar kwa ndugu au gesti, mpande mmepumzika. Kaka alitaka kuunganisha kuokoa usiku mmoja, wifi akamwambia, "Baba, wewe wageni wako unawaendesha saa sita ukawashusha kreta bila kupumzika?" Akanyamaza.

Nauli ya kurudi mwachieni mtu wa nyumbani awatumie kwa simu siku ya mwisho. Pale Forodhani jioni mishikaki inanukia mpaka ng'ambo, msijiamini.

Kikao cha mwisho cha kamati ni Jumapili ijayo. Nimemwandikia mwenyekiti barua kabisa, kuhusu ule mstari wa mapambo. Haya, kesho nina kipindi saa moja asubuhi, ngoja nikalale.