Mkataba Usio na Mkaguzi

Wako wenzetu shuleni wasemao kwamba mikataba ya mataifa ni karatasi tupu, nao hutoa mfano wa Uhabeshi. Mfano huo ni wa kweli. Mwaka 1925 mataifa yalipatana huko Geneva kwamba gesi ya sumu isitumike vitani, na Italia ilitia sahihi. Hata hivyo, tangu Desemba 1935 ndege zake ziliwamwagia Wahabeshi gesi ya haradali, iunguzayo ngozi, macho na mapafu. Tarehe 30 Juni 1936 Mfalme Haile Selassie alisimama mwenyewe mbele ya Chama cha Mataifa kushitaki. Waandishi wa Kiitalia wakampigia miluzi!

Lakini mimi nasema ubaya ulikuwa katika yale yaliyoachwa yasiandikwe. Mkataba ule ulikataza kutumia tu. Kutengeneza na kuweka akiba haukukataza, wala hapakuwa na mkaguzi. Mkataba mpya, ulioanza kazi mwaka 1997, umekataza yote matatu, na wakaguzi kutoka The Hague huingia hata viwandani. Akiba zote zilizotangazwa zimekwisha kuharibiwa. Marekani ilimaliza ya mwisho mwaka 2023.

Udhaifu umebaki. Syria iliingia mwaka 2013, na wachunguzi wamesema jeshi lake la anga lilitumia sarini mwaka 2017. Mwanachama ye yote ana haki ya kudai mwingine akaguliwe kwa ghafula, wala huyo hana ruhusa ya kukataa. Haki hiyo haijatumiwa hata mara moja. Serikali huoneana haya, kana kwamba kupiga hodi ni matusi. Uganda, Kenya na Tanzania nazo ni wanachama, nazo zaweza kuidai bila kuwangoja wakubwa.