Kidonda cha mti wa avoka

Juma lililopita tulimkuta mama mmoja wa kikundi chetu, huko Mangobo, amesimama mbele ya mti wake wa avoka, mikono kichwani. Watoto walikuwa wamefunga mbuzi pale siku tatu. Kamba ilichubua shina, na mbuzi naye akala ganda. Kidonda kilikuwa kikubwa kama sahani. Mti huo ndio unaosaidia kulipa masomo ya binti yake wa sekondari, kwa hiyo hatukucheka.

Jirani alikuwa amekwisha kuleta kopo la mafuta machafu ya injini ili apake. Tulimzuia, kwa sababu sisi wenyewe tulifanya kosa hilo. Tawi kubwa la mwembe wetu lilipovunjika, tulipaka mafuta meusi, tukafurahi kuona jeraha limekuwa safi. Miaka miwili baadaye tulibonyeza pale kwa kidole, kidole kikaingia. Ndani kulikuwa na unga mtupu, na mchwa.

Mtoto akijikata, nyama mpya inajaa na ngozi inarudi. Mti haufanyi hivyo. Sehemu ya ndani iliyoumia haiponi tena. Mti unajenga ukuta kuizunguka, ili uozo usisambae, kisha ganda la pembeni linakua polepole na kuifunika, kama mdomo unaofungwa. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Alex Shigo, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno ili kuyaona hayo. Alikuta kwamba dawa za kupaka juu ya jeraha hazizuii kuoza. Wajapani wanaolea miti midogo ndani ya vyungu wana dawa yao ya kupaka, lakini wao wanautazama mti kila siku. Sisi tuna mvua ya Kisangani, isiyojua likizo, na unyevu ukifungiwa chini ya mafuta, ukungu unashangilia.

Basi tulifanya nini kwa ule mti wa avoka? Tulichukua kisu kikali, tukakipitisha kwenye moto, tukakiacha kipoe. Tulikata ganda lililolegea tu, mpaka pale linaposhika vizuri, bila kukwangua mti wa ndani. Kidonda tulikipa umbo la pirogi, ncha moja juu na nyingine chini, maji yasituame. Tuliosha kwa maji safi, tukaacha wazi. Basi. Mama yule alituangalia kana kwamba tumemnyima dawa.

Kama ganda limechanika sasa hivi na bado lina maji, usilitupe. Lirudishe mahali pake upesi, ulifunge kwa kipande cha mpira wa ndani wa toleka, ufunike kwa plastiki lisikauke. Mara nyingine linashika. Baada ya majuma machache fungua, la sivyo mpira wenyewe utaukaba mti.

Jambo la kuogopa zaidi ni kidonda kinachozunguka shina lote. Maji hupanda kwa kupitia ndani ya mti, lakini chakula kinachotoka kwenye majani hushuka kwa kupitia ganda. Ukikata duara, mizizi inakosa chakula. Majani yanaweza kubaki mabichi miezi kadhaa, ukadhani mti umepona, kumbe mizizi inakufa kwa njaa. Hapo umtafute haraka mtu anayejua kupandikiza, aunganishe juu na chini kwa vijiti vya mti uleule.

Tunasema hivi hasa kwa ajili ya wanaokuja asubuhi kuomba ganda la mwembe kwa dawa ya tumbo. Leo huyu, kesho yule, na kila mmoja anachonga upande wake. Hatusemi muwafukuze. Wapeni ganda la tawi ambalo mtalikata hata hivyo, shina liachwe. Na ile misumari ya kamba ya nguo? Simikeni nguzo.

Jumapili tulirudi Mangobo. Mbuzi amehamishiwa nyuma ya jikoni. Kidonda kimekauka, hakina harufu, na mdomo bado hauonekani. Binti amechora alama ya chaki ukutani, ili atuonyeshe ulipofika mwezi ujao.