Obuya alicheza kaunti Uingereza. Je, kaunti zetu zinachezesha nani?

Ukitaja neno kaunti hapa Kenya, akili ya mtu inaenda moja kwa moja kwa gavana, MCA na basari. Uingereza, kijana akisema anachezea kaunti, watu wanajua ana kazi. Kule kuna kaunti 18 zenye timu za kriketi za kulipwa, na Mkenya Collins Obuya aliwahi kufika huko.

Februari 24, 2003, uwanjani Gymkhana jijini Nairobi, Obuya akiwa na miaka 21 tu aliangusha wiketi tano za Sri Lanka kwa mikimbio 24. Kenya ilishinda kwa mikimbio 53 na kuendelea hadi nusu-fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka huo huo Warwickshire ikampa kandarasi. Akacheza msimu mmoja, basi, akarudi.

Kuna wanaosema alibahatisha tu. Wapi! Mwaka wa 2011 kule Bangalore, jamaa huyo huyo, sasa akitegemewa kama mpigaji, aliwachapa Australia mikimbio 98 na hawakuweza kumtoa. Mtu hawezi kubahatisha mara mbili, miaka minane ikiwa imepita katikati.

Kipaji kilikuwepo. Kilichokosekana ni ngazi. Mwingereza akiachwa na kaunti moja, anabisha hodi kwa nyingine. Obuya alirudi kwenye kriketi iliyotegemea klabu chache za mjini, halafu ikaandamwa na mizozo ya malipo na uongozi. Kufikia 2014, Kenya ilikuwa imepoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja.

Sasa mfikirie kijana wa Gachoka, kule Mbeere Kusini, Embu. Ana mkono mzuri na jicho kali. Atagundua vipi kwamba anaweza kurusha mpira ukapinda? Mazingira yake yanamwonyesha muguka, ndengu na bodaboda. Hizo ni kazi halali, sizidharau. Lakini hawezi kuchagua kitu ambacho hajawahi kushika mkononi.

Utaniambia kriketi ni mchezo wa wadosi, kwamba afadhali pesa ziende kwa basari. Sawa, karo ni muhimu. Lakini mimi siombi stediamu. Kipande cha saruji, mkeka wa kutandika juu yake, magongo machache na mwalimu aliyefunzwa vinatosha kuanza katika shule moja. Na Katiba imeshazipa kaunti jukumu la michezo na viwanja, kwa hivyo si hisani tunayoomba.

Isitoshe, kriketi inarudi kwenye Olimpiki Los Angeles 2028. Mataifa mengine yanajipanga. Sisi tuna kaunti 47 na tunaendelea kusubiri Obuya mwingine achomoze mwenyewe Nairobi.

Kwa hivyo, wasee, mwanasiasa akija kuomba kura 2027 na kuwagawia jezi na mpira mmoja wa soka, pokeeni, kisha mumuulize: ligi ya shule iko wapi, kocha analipwa na nani, na kijana akifika umri wa miaka 19 anaenda kuchezea timu gani? Akikosa jibu, mjue amewaletea nguo tu.