Usiku wa Msitu Si wa Wezi wa Miti Peke Yao

Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inamkataza mtu asiye na kibali kuwa ndani ya msitu wa umma kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Nusu hiyo ya kwanza tunaijua, tena wengi wetu tumeijua kwa kukemewa na askari wa msitu kuliko kwa kuisoma. Nusu ya pili haitajwi sana. Sheria hiyo hiyo inamwacha huru anayepita kwenye barabara au kijia kinachotambuliwa, na pia aliyemo humo kwa shughuli za utamaduni, za sayansi au za burudani. Kwa hiyo mkazi wa Lumakanda, mji wa Lugari katika Kaunti ya Kakamega, anayetamani kufunga machela kati ya misonobari miwili, alale, aamke na aende zake, amefungiwa njia na mazoea kuliko na Bunge. Hoja yangu ni kwamba mazoea hayo yanauumiza msitu wenyewe. Vituo vya misitu vilivyo karibu na miji midogo kama Lumakanda vinapaswa kuwa na mahali palipotengwa, na utaratibu mwepesi, wa kumruhusu mwananchi alale msituni usiku mmoja kwa ada anayoimudu, hata akiwa peke yake.

Neno machela huenda likamfanya msomaji amfikirie mgonjwa akikimbizwa zahanati. Machela ninayoisema ni ile ya kulalia: kitambaa kigumu au wavu uliofungwa ncha mbili kwenye miti, mtu akaning'inia kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Wenyeji wa visiwa vya Karibi walikuwa wakilala hivyo kabla Columbus hajafika kwao mwaka 1492, na walikuwa na sababu ambazo Lugari pia inazo. Ardhi yao ilikuwa na unyevu na wadudu watambaao. Huku kwetu mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka, udongo wa msituni haukauki upesi, na siafu hawana habari kama umelipia hema lako ama la. Anayelala kwenye machela hakwatui majani, hachimbi mtaro wa maji, hapigi mambo chini. Akitumia ukanda mpana badala ya kamba nyembamba, hata gome la mti halichubuki, na asubuhi askari akipita hataona alama yoyote. Ina taabu zake pia. Baridi hupenya kwa chini, na asiyetandika blanketi au godoro jembamba mgongoni atatetemeka hadi alfajiri. Chandarua ni lazima, maana Kakamega imo katika ukanda wa ziwa ambako malaria haikomi. Turubai la kuzuia mvua ni lazima pia, na kabla ya kufunga fundo la kwanza ni lazima kutazama juu: tawi kavu la mkaratusi likianguka haliulizi nani amelala chini yake.

Kwa nini jambo dogo hivi lipewe nafasi gazetini? Kwa sababu ya jinsi tulivyofundishwa kuitazama misitu ya upande huu. Lumakanda ilikua kutokana na mpango wa makazi wa miaka ya 1960, pale mashamba ya walowezi yalipogawanywa na familia kutoka Maragoli, Tiriki, Bungoma na kwingineko zikapewa vipande vya kulima. Misitu iliyokuwa jirani yao, ya Turbo na Lugari, ilikuwa ya kupandwa: misonobari na saiprasi kwa mistari iliyonyooka, sehemu kubwa ikisubiriwa na kiwanda cha karatasi cha Webuye. Kiwanda hicho kilianza kazi miaka ya 1970 na kikafungwa mwaka 2009, na kwa muda wote huo msitu ulihesabiwa kwa tani. Serikali ilipopiga marufuku ukataji miti mwezi Februari 2018, mjadala ukawa wa mbao. Ilipotangaza kuondoa marufuku hiyo Julai 2023, mjadala ukawa wa mbao tena. Hata takwimu tunazojivunia ni za hesabu ya aina hiyo. Katiba ya 2010 inaitaka serikali ifikie walau asilimia 10 ya ardhi iliyofunikwa na miti, na tathmini ya taifa ya mwaka 2021 ikatoa jibu la asilimia 12.13. Ni habari njema, lakini asilimia haisemi kama anayeishi mita mia tatu kutoka msituni anauona ni wake.

Tazama ni nani huingia msituni kwa kawaida. Mama wa kuni huingia mchana. Mchungaji huingia mchana. Mkulima aliyepewa kipande chini ya mpango wa PELIS, alime mahindi na maharagwe huku akitunza miche hadi ikue, naye huondoka jua likizama. Hawa wote wana haki yao na siwalaumu, ila kila mmoja ana kitu anachokifuata achukue, na saa moja jioni wote wameshatoka. Kuanzia hapo hadi alfajiri msitu wenye maelfu ya miti hubaki na askari wachache sana, pamoja na yule asiyeogopa sheria kwa sababu ameshaamua kuivunja. Mwenye msumeno huupenda usiku kwa sababu hauna shahidi. Tumetunga kanuni ya kumzuia mwizi, na kwa sehemu kubwa imefanikiwa kuwaondoa wote ambao si wezi.

Ushahidi kwamba msitu unaotumiwa na watu wema huwa salama zaidi tunao nchini, nao ni Karura, msitu wa jijini Nairobi. Wangari Maathai na wenzake walipoupigania msitu huo mwaka 1998 na 1999, hata kupigwa hadi damu ikamwagika, waliuokoa usigawiwe wajenzi. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa baadaye Karura iliendelea kuogopwa. Watu wa Nairobi waliijua kama maficho ya majambazi, na mwenye akili timamu hakukatiza humo. Mabadiliko yalikuja mwanzoni mwa muongo wa 2010, Shirika la Misitu (KFS) liliposhirikiana na wakazi wa karibu, ua wa umeme ukawekwa, vijana wa mitaa jirani wakaajiriwa kulinda, na milango ikafunguliwa kwa kiingilio kidogo. Leo kina mama hukimbia humo alfajiri na watoto huendesha baiskeli. Najua Karura ina wafadhili ambao Turbo haina, na najua kwamba milango yake hufungwa kabla giza halijaingia. Siitaji kama mfano wa kulala. Naitaja kwa sababu inaonyesha kwamba hofu ya msitu haikuondolewa kwa kuwafukuza watu, bali kwa kuwaalika kwa utaratibu.

Pingamizi zito kuliko yote ni la usalama, na halistahili kujibiwa kwa mkato. Mtu mmoja aliyelala kwenye kitambaa hawezi kulizuia genge la wakata miti, na akijaribu ataumia. Isitoshe, hapa tunazungumzia eneo ambalo ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliwalaza watu wa Lugari na Turbo nje bila hiari yao, wengine kwa miezi. Mzee aliyekimbilia vichakani na watoto usiku wa Januari 2008 ana haki ya kushangaa akisikia kuna anayetaka kulipa ili alale huko. Namheshimu, na pendekezo langu halimtaki mtu yeyote awe askari. Linadai kitu kimoja tu kigumu: kulala peke yako kusiwe kulala kwa siri. Anayelala ajiandikishe kituoni kabla ya jua kuzama, jina lake na namba ya simu yake viandikwe, mahali atakapofunga machela pajulikane, na asubuhi apite tena kuaga. Chama cha jamii cha msitu, ambacho sheria inakitambua na ambacho wanachama wake wanakijua kila kijia, kiwe ndicho kinachosimamia. Sehemu iwe karibu na kituo, umbali ambao ukipiga kelele unasikika. Mtu wa namna hiyo akisikia msumeno saa nane usiku hana haja ya kutoka ndani ya chandarua chake. Simu moja yatosha, na usiku msumeno husikika mbali. Ambaye hajalala msituni ataujua wizi huo akiona kisiki wiki moja baadaye.

Kuna pingamizi la pili ambalo halisemwi mikutanoni lakini ndilo linalowarudisha wengi nyumbani. Ni la ulozi. Katika vijiji vyetu anayeonekana peke yake msituni usiku huitwa mkimbia usiku au mlozi, na jina hilo likishamkaa mtu halibanduki kwa urahisi. Nimelitafakari sana jambo hili na naona limechukua nafasi kubwa kuliko mila zenyewe zinavyolipa. Watiriki, ambao baadhi yao walihamia Lugari, wametunza misitu yao midogo ya jando kwa vizazi vingi, na vijana wao hukaa faraghani huko wakifunzwa na wazee. Misitu hiyo haikukatwa hata ardhi ya jirani ilipokwisha kugawanywa shamba kwa shamba. Wazee hao waliona msitu kuwa mahali pa kumkuza mtu, na hawakuuachia ulozi. Kilichobadilika ni kwamba tumepoteza sababu za heshima za kuwa humo, na palipo na utupu uvumi hujaa. Kibali chenye muhuri, kinachojulikana na chifu na majirani wa Nyumba Kumi, kinamwondolea kijana mzigo huo wa kujieleza.

Na je, peke yake kwa nini? Kwa nini wasiende kumi, kama Skauti wanavyofanya? Waende, na ni vizuri. Lakini kundi huja na mazungumzo yake, na mara nyingi huja na moto, ambao sheria inaukataza msituni na ambao msimu wa kiangazi unaweza kuteketeza misonobari ya miaka ishirini kwa alasiri moja. Aliye peke yake hukaa kimya kwa kuwa hana wa kusema naye, na ukimya ndio unaomfungulia msitu. Katika Msitu wa Kakamega, baki pekee nchini la misitu ya mvua ya aina ya Kongo, perere huanza kulia gizani kwa sauti kama ya mlango mkavu unaofunguliwa, kisha hupandisha hadi uape kwamba ni mtu. Wamo komba, na yumo poto, mnyama mdogo anayetembea tawini polepole kama kinyonga, ambaye mgeni wa mchana hamwoni kamwe. Msitu wa kupandwa una vya usiku vichache kuliko hivyo. Hata hivyo, ujuzi wa anayeishia kwenye msitu wa mchana ni nusu ya ujuzi, na ni vigumu kumwambia mtu atetee nusu asiyoijua.

Wapo watakaosema Kakamega tayari ina mahali pa kupiga kambi, Buyangu kwa upande wa hifadhi iliyotengwa mwaka 1985 na Isecheno kwa upande wa kusini. Ni kweli, na ni mahali pazuri mno. Lakini kijana wa Lumakanda atasafiri kupitia Webuye na Malava, alipe nauli kwenda na kurudi, alipe kiingilio, alipe kambi, na mwisho wa safari atakuwa amejifunza kwamba msitu ni kitu cha kwenda kutembelea mbali. Wengine watasema haya ni ya wazungu wenye nafasi. Norway imeruhusu tangu mwaka 1957 mtu yeyote alale kwenye ardhi isiyolimwa mradi awe mita 150 kutoka nyumba ya mtu, na Mahakama ya Juu ya Uingereza ilithibitisha mwezi Mei 2025 haki ya kulala nje huko Dartmoor. Sizitaji nchi hizi ili tuziige. Kilichonigusa ni kwamba huko haki hiyo inatetewa kwa ajili ya watu wa kawaida, wasio na ardhi yao wenyewe. Mwenye ekari hamsini haombi kibali cha kulala chini ya mti. Anayekihitaji ni yule ambaye shamba la babu limegawanywa mara tatu hadi likabaki nusu ekari ya mahindi na mstari mmoja wa mikaratusi mpakani. Kwake msitu wa umma ndio uwanja pekee uliobaki. Na mwanamke asisahaulike katika hesabu hii. Leo hii kumwambia binti alale msituni peke yake, bila mpangilio wowote, ni kumwonea. Sehemu iliyotengwa kando ya kituo, yenye choo na taa ya getini, na ruhusa ya kufunga machela mbili mbali kidogo lakini kwa umbali wa kuitana, ingempa kile ambacho kaka yake amekipata bila kuuliza.

Gharama ya kuanza ni ndogo. Miti ipo, na baada ya kupunguzwa nafasi kati ya misonobari hutosha kwa machela bila kukata kitu. Kinachohitajika ni daftari kituoni, ubao wa masharti ulioandikwa kwa Kiswahili, choo, kijana mmoja wa chama cha msitu anayelipwa kwa usiku anaofanya kazi, na ada isiyozidi nauli ya kwenda Eldoret na kurudi. Pesa hizo zigawanywe kati ya kituo na chama, mgawanyo wake ubandikwe hadharani. Majaribio yangefaa kufanyika kati ya Desemba na Februari. Wakati huo mvua zimepungua, mahindi yameshavunwa na kupukuchuliwa, vijana wana siku za kupumzika, na wale wanaokata miti usiku nao huwa kazini kwa sababu malori yao hayakwami kwenye matope.