Santuri si Pambo la Sebuleni
Hoja kwamba kurudi kwa santuri ni mbwembwe za wenye fedha ina chembe ya ukweli. Kwa usafi wa sauti, dijitali inashinda; mikwaruzo ya sindano haina utetezi. Lakini hoja hiyo inapima sauti na kumsahau msikilizaji. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1949, hubeba dakika chache tu kila upande. Nyimbo nyingi za rumba na benga za Afrika Mashariki zilikatwa vipande viwili, na mara nyingi magitaa yalichacha upande wa pili. Aliyeutaka uhondo huo aliinuka, akageuza sahani, akapangusa vumbi, akashusha sindano taratibu. Kwenye simu, kidole kimoja huuruka wimbo kabla gitaa la solo halijaingia.